Mwiba wa Karaba, Ngoma ya Zimwi

Msikilizaji, leo naanzia tumboni.

Mama mmoja ameketi kibandani mwake, mimba imetimia, hana mtu wa kumshika mkono. Mara sauti inatoka ndani ya tumbo lake, inamtaka amzae aliyemo. Mama hapigi kelele wala hakimbilii kwa mganga. Anajibu taratibu kwamba mtoto mwenye uwezo wa kusema tumboni, basi na uwezo wa kujizaa anao. Mtoto anatoka. Anajikata kitovu mwenyewe, anajitambulisha kwa jina la Kirikou, anaoga, na maji hayajamkauka mwilini ameshaanza kuuliza: baba yuko wapi? Wajomba wako wapi?

Ndivyo inavyoanza filamu ya katuni ya Kirikou na mchawi Karaba, kazi ya Mfaransa Michel Ocelot, iliyoingia kwenye majumba ya sinema ya Ufaransa Desemba 1998. Watu zaidi ya milioni moja waliingia kuitazama nchini humo, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo kuu katika tamasha la filamu za katuni la Annecy. Mimi nimeiona nikiwa nimechelewa mno, kwenye simu ya binti yangu, mjukuu wangu wa miaka sita amenilalia mkono mpaka ukafa ganzi. Tangu siku hiyo kazi yangu, hii hii ya kusimulia redioni, haijatulia. Nitasema kwa nini, lakini kwanza hadithi.

Kijiji cha Kirikou kimekauka. Chemchemi haitoi maji, dhahabu ya wanawake imechukuliwa, wanaume wamekwenda kupigana na Karaba na hawakurudi. Inasemekana amewala. Yeye anakaa kwenye nyumba iliyozungukwa na ardhi iliyoungua, akilindwa na masanamu ya mbao yanayotembea na kuona. Kirikou hafiki hata gotini kwa mtu mzima. Anajificha ndani ya kofia ya mjomba wake ili amwokoe. Anagundua kwamba ndani ya chemchemi mna dude lililojinywea maji yote hadi likavimba; analitoboa kwa chuma cha moto, na maji yakaribia kumuua. Mpaka hapo ni hadithi ya kitoto chenye akili, na za namna hiyo sisi tunazo tele, kuanzia kwa Sungura kwenda chini.

Ila Kirikou ana swali moja ambalo Sungura hajawahi kuliuliza. Anamwuliza mama yake, anamwuliza kila mtu: kwa nini Karaba ni mbaya?

Watu wazima wa kijijini hawalielewi hata hilo swali. Mchawi ni mchawi. Unauliza kwa nini maji yanalowesha? Basi mtoto anaambiwa kwamba anayejua ni babu yake, mzee wa hekima, na babu anakaa mlimani nyuma ya nyumba ya Karaba, njia nyingine hakuna. Kirikou anachimba handaki chini kwa chini, anapambana na kicheche, anasaidiwa na vijinyama vya shimoni, anampanda ngiri, mpaka anafika. Na babu anamwambia. Karaba anaumwa. Wanaume walimkamata, wakamkandamiza, wakampigilia mwiba wenye sumu katika uti wa mgongo. Ule mwiba ndio unaompa nguvu za uchawi, na ule ule ndio unaomtesa mchana na usiku. Asiyemwona mgongo hawezi kujua, na Karaba hampi mtu mgongo wake kamwe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwiba ule haukuwemo katika ngano ya asili.

Ocelot alizaliwa Ufaransa mwaka 1943, lakini utoto wake ulipita Conakry, nchini Guinea, ambako wazazi wake walikuwa walimu. Hadithi yenyewe aliikuta kitabuni. Ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni ya Kifaransa, aitwaye Équilbecq, alikusanya ngano za Afrika Magharibi mwanzoni mwa karne iliyopita akazichapisha. Sisi wa pwani watu wa aina hiyo tunawafahamu. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, aliketi akiwasikiliza wasimuliaji wa hapo, na mwaka 1870 kikatoka London kitabu chake cha ngano za Waswahili. Katika ngano aliyoikuta Ocelot, mtoto alijizaa vile vile, lakini mwishowe mchawi anauawa, mambo yamekwisha, kalaleni. Ocelot aliupenda mwanzo, mwisho ukamkaa kooni. Akashika mwanzo, mwisho akautupa, na pale palipobaki pengo akaweka swali la mtoto.

Najua wapo watakaosema: huyu ni nani, Mzungu, wa kutubadilishia ngano zetu? Ni neno la haki na mimi silipuuzi. Lakini kumbukeni kisa cha kima na papa, kile ambacho Steere alikiandika pamoja na kile cha punda wa dobi. Kima anamtupia papa matunda kutoka kwenye mkuyu uliotanda juu ya bahari, urafiki unakua, hatimaye papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya maji anamwambia sultani ni mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba mioyo yao huiacha mitini! Kisa hicho kimetoka India. Kule rafiki wa kima alikuwa mamba. Waarabu walipokichukua katika kitabu cha Kalila na Dimna, mamba akawa kobe. Kilipotia nanga kwetu, kobe akawa papa, kwa sababu mvuvi wa Unguja anamjua papa. Hakuna aliyeomba ruhusa. Ngano inayokaa kama ilivyokuja ni ile ambayo haina msimulizi, ipo tu rafuni.

Turudi kwa mwiba, maana hapo ndipo nilipokwama.

Nimekulia katika ngano ambazo mchawi huwa ni mwanamke mzee, anakaa pembeni, na hadithi haina haja ya kueleza zaidi. Na si ngano tu. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi uliotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Macho mekundu! Mwanamke amepuliza moto wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha, akiwapikia watu hao hao, halafu rangi ya macho yake inakuwa hukumu. Angetokea mtoto mmoja tu katika kikao cha usiku kinachotoa hukumu hiyo akauliza macho haya yamekuwa mekundu kwa nini, pengine watu wangetazama juu, wakauona moshi darini.

Ndiyo maana siwezi kuiita filamu hii ya watoto peke yao.

Kirikou, alipokwisha kuambiwa habari ya mwiba, anamwomba babu hirizi ya kumlinda. Babu anakataa. Anamwambia nguvu yake ni kutokuwa na hirizi. Wenye hirizi ndio ambao Karaba anawaweza, maana anajua pa kuwakamatia. Hapo nilimtazama mjukuu wangu, naye alikuwa amekunja uso kama aliyedhulumiwa. Halafu linakuja jambo dogo ambalo mtengenezaji mwingine angelikata ili kuokoa muda. Yule mtoto shujaa, aliyejizaa, aliyetoboa dude, anasema kwamba wakati mwingine anachoka kupigana peke yake na anaogopa. Anaomba apakatwe kidogo. Babu anampakata. Filamu inatulia. Halafu anashuka, anarudi handakini.

Kukua kwa Kirikou mimi nimekuona pale, mapajani mwa babu. Mwishoni, baada ya kuung'oa mwiba kwa meno yake, Karaba anambusu, na busu linamgeuza kuwa kijana mrefu wa kuoa. Watoto wanapenda, sikatai. Mimi sijaridhika. Mtu amekua mbele ya macho yetu kwa dakika zaidi ya 60, hatua kwa hatua, kwa kuuliza na kwa kukiri hofu. Kumrefusha miguu kwa busu ni kama kumpa cheti mtu aliyekwisha fanya kazi miaka 20. Lakini haya ni manung'uniko ya mzee.

Niseme kidogo kuhusu mkono wa fundi. Ocelot alikuwa na miaka 55 filamu hii ilipotoka, na ndiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Kabla ya hapo alifanya kazi na mkasi. Filamu yake fupi ya wavumbuzi watatu, ya mwaka 1980, imetengenezwa kwa karatasi zilizotobolewa kama lesi, zile za kuwekea keki. Baadaye akawa anakata watu kwa karatasi nyeusi na kuwawekea mwanga nyuma, vivuli vitupu, njia ambayo Mjerumani Lotte Reiniger aliitumia katika miaka ya 1920, alipokata kwa mkasi filamu nzima ya Mwanamfalme Achmed kutokana na Alfu Lela Ulela, akaimaliza mwaka 1926. Karatasi nyeusi ni rahisi. Kivuli hakina macho ya kurembua wala midomo ya kutabasamu, kwa hiyo hisia zote inabidi zitoke kwenye mkao wa mwili: bega lilivyoinama, shingo ilivyogeuka. Ukimtazama Karaba leo, anavyosimama wima bila kugeuza mgongo, unaona kabisa kwamba aliyemchora amekaa miaka mingi akisema na watu kwa kivuli tu. Ukosefu wa pesa ndio uliompa ile lugha.

Mabishano hayakukosa. Wanawake wa Kirikou wako vifua wazi na watoto wako uchi, kama alivyowaona utotoni Guinea, na baadhi ya waliotakiwa kuisaidia filamu walitaka wavishwe. Alikataa. Alitaka pia sauti za Kiafrika, kwa hiyo waigizaji wakarekodiwa Dakar, Karaba akiwa ni Awa Sène Sarr wa Senegal, na muziki akatunga Youssou N'Dour, aliyetumia ala za kienyeji. Michoro yenyewe ilikwenda kupewa uhai na mafundi wa Latvia na Hungary. Kwa hiyo kijiji kile cha Afrika Magharibi kimepita mikono mingi ya watu wa baridi, na bado kina vumbi lake.

Nikaanza kuuliza na mimi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani. Alikuwa na ngano ya zimwi na ngoma, ambayo bila shaka wengi wenu mnayo kwa namna moja au nyingine. Wasichana wanakwenda ufukweni kuokota kombe. Mmoja anaokota kombe zuri kuliko yote, analiweka juu ya jiwe, wanasahau. Wakiwa njiani kurudi analikumbuka. Anawaomba wenzake wamsindikize, wanakataa, anarudi peke yake huku akiimba ili asiogope. Juu ya jiwe ameketi zimwi. Linamwambia aimbe tena, asogee, aimbe tena. Halafu linamtia ndani ya ngoma, linazunguka naye vijijini, linapiga ngoma na mtoto anaimba ndani, watu wanashangaa ngoma yenye sauti, wanalilisha wali na kuku. Siku moja linafika kijijini kwao. Mama anaisikia ile sauti.

Zamani, nikiwa kijana katika kituo kimoja cha redio, nilipewa dakika 15 niigeuze ngano hiyo kuwa mchezo. Niliandika kila kitu. Niliweka msimulizi aeleze ufuko, aeleze kombe, aeleze sura ya zimwi, meno, kucha, manyoya, na mwisho nikaongeza funzo kwa watoto wasiosikia la wazazi. Fundi mitambo aliusikiliza hadi mwisho, akavua vifaa masikioni, akaniuliza: ngoma iko wapi? Nikamwonyesha kwenye karatasi, ukurasa wa tatu, imeandikwa "ngoma". Akasema, imeandikwa, ndiyo, lakini sijaisikia. Mchezo ulirushwa hivyo hivyo. Haukupata barua hata moja, na enzi hizo watu walikuwa wakituandikia hata kutusahihisha salamu.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba bibi, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alikuwa amenipa hadithi ya redio iliyokamilika. Mtoto haonekani. Mama anamjua mwanawe kwa sauti, kupitia ngozi ya ng'ombe. Redio ni nini kama si hiyo ngoma? Kama Ocelot alivyokuwa na karatasi nyeusi, mimi nilikuwa na giza, nikalijaza maelezo kama mtu anayewasha taa mchana.

Mwaka huu nimeiandika upya. Msimulizi nimemwondoa. Unasikia bahari, unasikia wasichana wakicheka, halafu ngoma, halafu sauti ndani ya ngoma. Basi.

Ila mwisho ndio ulionitoa jasho. Kwa bibi, watu wanalilevya zimwi kwa pombe, linalala, wanamtoa mtoto ngomani na badala yake wanatia nyuki na siafu. Zimwi likiamka, likaipiga ngoma, ngoma haiimbi. Linafungua. Mnajua yaliyobaki.

Baada ya Kirikou niliona haya kuwaachia nyuki. Mjukuu wangu naye alikuwa ameshaambukizwa. Nilipomsimulia akaniuliza, babu, zimwi lilikosewa na nani? Nikakaa nikalitungia zimwi mwiba. Nikalipa utoto wa njaa, nikalipa ndugu waliolifukuza, nikamfanya msichana alisamehe akiwa bado ndani ya ngoma. Kurasa sita. Nikamsomea. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema: lakini babu, hilo sasa si zimwi, hilo ni mjomba tu mwenye manyoya.

Alikuwa sahihi, na sikulala vizuri usiku huo. Nilikuwa nimeazima jibu la mtu mwingine. Karaba ni mwanamke aliyeitwa mchawi, kwa hiyo kuuliza ana nini mgongoni ni kumrudishia utu wake. Zimwi la bibi si mtu aliyeitwa zimwi. Ni ile hatari yenyewe, ni yule mtu mzima mwenye maneno matamu anayemwambia mtoto sogea, imba tena, sogea. Bibi aliyajua aliyokuwa akiwaambia wajukuu wake wa kike. Kulihurumia kungekuwa usaliti kwa yule aliyemo ndani ya ngoma.

Kwa hiyo nikarudi mwanzo wa ngano, nikatafuta mahali ambapo bibi alipita haraka mno. Nikapaona. Wale wasichana wenzake. Alikuwa amewaomba wamsindikize wakasema nenda mwenyewe, kombe ni lako. Bibi alilisema hilo kwa pumzi moja akaendelea na zimwi, na mimi miaka yote nimelipita kwa pumzi moja. Walirudi nyumbani wakasema nini? Walipoulizwa mwenzenu yuko wapi, nani alijibu? Zimwi lilipokuja na ngoma yake, watu wote wakicheza, je, si wao waliopaswa kuitambua ile sauti hata kabla ya mama?

Sasa mchezo una sehemu mpya, dakika mbili hazifiki, wasichana wawili wamelala gizani hawasemi kitu, na mbali sana inasikika ngoma inakuja kijiji kwa kijiji. Mmoja anamwambia mwenziwe, unasikia? Mwenziwe anasema sisikii kitu. Fundi mitambo wa sasa, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu, aliisikiliza mara mbili na hakuniuliza ngoma iko wapi.

Mtausikia mchezo huo Jumapili ijayo, saa kama hii. Watoto waacheni wasikilize, na mkiweza zimeni taa. Nyuki nimewaacha.